Haki Haisubiri Jumba

Makumbusho Makuu ya Misri yalizinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025 huko Giza, kilomita kama mbili kutoka zilipo piramidi. Kabla hata raia wa kawaida hajafunguliwa milango siku tatu baadaye, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Imeandikwa magazetini, imesemwa redioni na barazani, na wengi wa wanaoisema ni watu wanaoitakia Afrika mema. Wanasema Misri imethibitisha kuwa iko tayari kutunza mali zake, kwamba kisingizio cha Wazungu kimekwisha, na kwa hiyo Jiwe la Rosetta litoke London, sanamu ya Malkia Nefertiti itoke Berlin, na dari ya nyota ya hekalu la Dendera itoke Paris.

Mwisho wa hoja hiyo naukubali. Vitu hivyo virudi. Ninachokipinga ni njia iliyotumika kufika hapo, maana ina hatari ambayo haitawapata Wamisri peke yao. Anayesema Misri imekuwa tayari mwaka 2025 amekiri, apende asipende, kwamba mwaka 2024 haikuwa tayari, na kwamba kwa zaidi ya miaka mia mbili walioshikilia mali hizo walikuwa na sababu ya kuzishikilia. Hawakuwa nayo. Ng'ombe wangu akikutwa kwenye zizi la jirani, wazee hawaanzi kwa kukagua zizi langu kama limeezekwa vizuri.

Jumba lenyewe silibezi. Ni kazi ya kutukuka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2002, enzi za Rais Hosni Mubarak, na mwaka uliofuata mchoro wa kampuni ya Heneghan Peng ya Dublin ukashinda shindano la kimataifa. Yakaja mapinduzi ya 2011, ukaja uhaba wa fedha, ukaja UVIKO-19, na hata uzinduzi uliopangwa Julai 2025 ukaahirishwa kwa sababu ya vita vya Israel na Iran. Wamisri hawakuacha. Leo mgeni anayeingia anapokelewa na Ramses wa Pili, sanamu ya mawe yenye kimo cha mita 11 na uzito wa tani 83, ambayo kwa nusu karne ilisimama katikati ya moshi wa magari mbele ya stesheni kuu ya reli ya Cairo. Akipanda ngazi pana zilizopangwa sanamu za wafalme, anafika juu na kuziona piramidi kupitia ukuta wa vioo. Merikebu ya Farao Khufu, iliyoundwa kwa mbao za mierezi zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, ilihamishwa mwaka 2021 ikiwa nzima, juu ya gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Na vitu vya kaburi la Tutankhamun, zaidi ya 5,000, vimekaa pamoja mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu kaburi lilipofunguliwa. Mafundi wa kituo cha uhifadhi cha makumbusho hayo walikuwa kazini tangu 2010, miaka 15 kabla ya sherehe. Mwafrika yeyote ana haki ya kujivunia nyumba hiyo.

Lakini hebu tujiulize jambo moja ambalo wanaolisifu jumba hawaliulizi. Hizo hazina za Tutankhamun zimo Giza kwa nini, badala ya kuwa London au New York?

Howard Carter alilipata kaburi mwezi Novemba 1922, kwa fedha za tajiri wa Kiingereza, Lord Carnarvon. Desturi ya wakati ule ilikuwa mgawanyo: mchimbaji anachukua fungu lake na serikali inabaki na lake. Carnarvon na wenzake walilitarajia fungu hilo. Ila miezi michache kabla, Februari mwaka huohuo, Uingereza ilikuwa imelazimika kuitangaza Misri kuwa nchi huru, baada ya wananchi kuinuka mwaka 1919. Kaburi likawa suala la taifa. Mkuu wa idara ya malikale, Mfaransa Pierre Lacau, alikuwa ameshaanza kukaza masharti. Mwaka 1924 Carter alipogoma kufanya kazi, serikali ya Saad Zaghloul, kupitia waziri wake Morcos Hanna, ikamfungia kaburi. Baada ya mvutano mrefu hazina ikabaki Misri. Hakuna aliyejenga jumba jipya kwanza. Vitu vilipelekwa kwenye jengo la zamani la makumbusho la Tahrir, Cairo, lililofunguliwa 1902, vikakaa humo karibu karne nzima, na ndivyo hivyo hivyo ambavyo ulimwengu unavishangilia leo Giza.

Kilichoviokoa ni serikali iliyosema hapana na ikawa na nguvu ya kulisimamia neno lake. Hili ndilo fundisho ambalo ukumbi wa Tutankhamun unalibeba, na ni kinyume kabisa cha linalosemwa. Isitoshe, mwaka 2010 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalikubali kurudisha vitu vidogo 19 vilivyotoka kwenye kaburi hilo, baadhi yake vikiwa vimepitia mikononi mwa Carter mwenyewe. Uvujaji huo ulianzia upande wa wataalamu waliopewa dhamana, wala si kwa wanakijiji wa Luxor.

Tuvitazame sasa vitu vitatu vinavyodaiwa, maana historia yake inajibu yenyewe.

Jiwe la Rosetta lilikutwa na askari wa Napoleon mwezi Julai 1799 huko Rashid, walipokuwa wakikarabati ngome. Mwaka 1801 Wafaransa waliposhindwa, jiwe likakabidhiwa kwa Waingereza kwa mkataba wa Alexandria, uliotiwa saini na makamanda wa Ufaransa, Uingereza na Dola ya Uthmania. Mmisri hakuwemo. Ubavuni mwa jiwe hilo Waingereza wenyewe walipaka maandishi yanayosema kwamba lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801. Hawakuandika kwamba waliliokoa, wala kwamba walilihifadhi kwa niaba ya mtu. Waliandika ukweli kama walivyoujua, na sioni kwa nini sisi tuwatafutie maelezo mazuri kuliko waliyojiandikia.

Dari ya Dendera ilikatwa mwaka 1821 na Claude Lelorrain, fundi aliyetumwa na mkusanyaji wa Kifaransa. Alitumia misumeno na baruti ndani ya hekalu lililokuwa limesimama. Hekalu lipo hadi leo, na mahali pa dari ile pamewekwa nakala ya plasta. Mtu hapasui hekalu kwa baruti kwa kuhofia lisije likaharibika.

Nefertiti ndiye mwenye kisa kirefu. Timu ya Ludwig Borchardt iliipata sanamu hiyo Amarna tarehe 6 Desemba 1912, na mwezi uliofuata ukafanyika mgawanyo uliompa Mjerumani huyo sanamu. Berlin inasisitiza hadi leo kwamba mgawanyo ulikuwa halali. Lakini hati ya mwaka 1924, iliyofichuliwa na jarida la Der Spiegel mwaka 2009, inaeleza kwamba Borchardt aliiwasilisha sanamu kwa namna ambayo mkaguzi asiitambue thamani yake, na kwa takriban miaka kumi Wajerumani hawakuionyesha hadharani. Mara tu ilipoonekana, Misri ilidai. Mwaka 1933 Hermann Göring alifikiria kuirudisha kwa Mfalme Fuad, Hitler akakataa. Hitler hakukataa kwa sababu Cairo ilikosa mahali pa kuiweka. Jengo la Tahrir lilikuwa na umri wa miaka 31, na kabla yake Misri ilikuwa na makumbusho pale Bulaq tangu 1863. Alikataa kwa sababu aliipenda na alikuwa nayo mkononi.

Je, hao waliojipa kazi ya kutunza wametunzaje? Mwaka 1912 mifupa ya mnyama mkubwa wa kale ilichimbuliwa kwenye chemchemi za Bahariya, katika jangwa la magharibi ya Misri, na mwaka 1915 mtaalamu Ernst Stromer wa Munich akampa jina Spinosaurus aegyptiacus. Ilikuwa mifupa pekee ya aina yake iliyojulikana duniani. Vita vya Pili vya Dunia vilipozidi, Stromer aliomba mikusanyo ihamishwe mahali salama, na mkurugenzi wa makumbusho ya Munich akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1944 ndege za Uingereza zikalipiga jengo, mifupa ikateketea. Yamebaki michoro na picha. Nefertiti naye alinusurika vita hivyo akiwa amefichwa kwenye mgodi wa chumvi, na makumbusho aliyomo sasa yalibaki magofu kwa miongo kadhaa, yakafunguliwa upya mwaka 2009.

Haya si ya zamani tu. Mwaka 2020 watu wasiojulikana walimwagia kimiminika cha mafuta vitu zaidi ya 60 katika makumbusho ya Berlin, yakiwemo majeneza ya mawe ya Misri. Mwaka 2023 Makumbusho ya Uingereza yalitangaza kwamba vitu takriban 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na mkurugenzi wake akajiuzulu. Tarehe 19 Oktoba 2025, wiki mbili kabla ya sherehe za Giza, wezi waliingia makumbusho ya Louvre, Paris, asubuhi watalii wakiwa ndani, wakaondoka kwa dakika chache na vito vya kifalme vya thamani ya euro milioni 88. Mwezi uliofuata bomba likavuja na kulowesha mamia ya vitabu kwenye maktaba ya idara ya Misri ya makumbusho hayohayo. Sifurahii hata moja kati ya hayo. Ninachotaka kionekane ni kwamba baada ya wizi wa Louvre hakuna aliyependekeza taji za Ufaransa zihifadhiwe Cairo mpaka Wafaransa watakapojenga nyumba bora.

Na Misri ina aibu zake, tena kubwa, na anayeitetea hana ruhusa ya kuzifunika. Tarehe 28 Januari 2011 waporaji waliingia Tahrir, ingawa ni wananchi wa Cairo hao hao walioshikana mikono kuizunguka nyumba hiyo ili kuilinda. Mwaka 2014 ndevu za kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun zilibandikwa kwa gundi isiyofaa. Septemba 2025 bangili ya dhahabu ya Farao Amenemope iliibwa kutoka maabara ya Tahrir, ikauzwa, ikayeyushwa. Umri wake ulikuwa kama miaka 3,000 na haitaonekana tena. Waliohusika wanastahili adhabu, na Wamisri wana kila sababu ya kuikemea serikali yao. Lakini mwenye mali anayepoteza chake anawajibika kwa watu wake. Uzembe wake haumgeuzi aliyemnyang'anya kuwa mlezi.

Aliye na shaka kwamba sharti la jengo ni la uongo aende Athens. Wagiriki waliambiwa maneno hayohayo kuhusu sanamu za hekalu la Parthenon zilizoko London: hewa yenu chafu, hamna mahali. Mwezi Juni 2009 wakafungua Makumbusho ya Acropolis, ya kisasa kabisa, na ghorofa ya juu ikapangwa kwa vipimo na mwelekeo wa hekalu lenyewe ili sanamu zikirudi zikae kama zilivyokaa. Miaka 16 ikapita kati ya sherehe ile na hii ya Giza, na sanamu zilikuwa bado London. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1963, inayowazuia wadhamini wa makumbusho kutoa vitu vyao isipokuwa kwa sababu chache mno, haina kifungu kinachosema kitu kitarudishwa endapo mdai atajenga jumba zuri. Ugiriki ilitimiza sharti ambalo halikuwahi kuwepo. Leo tunaishangilia Misri kwa kulitimiza mara ya pili, na kesho tutaambiwa shida ni unyevu wa hewa, keshokutwa shida ni siasa za Cairo.

Kulitimiza sharti hilo kuna bei yake. Makumbusho ya Giza yamegharimu zaidi ya dola bilioni moja, na sehemu kubwa ni mikopo ya Japani. Mikopo ya yeni italipwa na wananchi ambao Machi 2024 waliamka wakakuta pauni yao imeshuka thamani vibaya. Misri imeamua kuubeba mzigo huo kwa sababu ina watalii wa kuusaidia kuulipa. Ni uamuzi wake, na huenda hesabu ikakubali. Ila tukishakubali kwamba nyumba ya dola bilioni ndiyo inayompa mtu sauti ya kudai, tumeyanyamazisha mataifa mengi ya bara hili. Burundi itajenga nini? Tanzania je? Tutakopa ili turuhusiwe kuomba vya kwetu?

Swali hili si la kubuni. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji kuisha, wataalamu wa Berlin walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Kazi ya jembe na ya kuunga mifupa ilifanywa na mamia ya watu wetu, chini ya msimamizi hodari aliyeitwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu hadi bandarini, zaidi ya tani 200 kwa ujumla. Mjusi mkubwa wa Tendaguru amesimama Berlin tangu 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, na ndiye anayevuta watu kwenye makumbusho yale. Kila suala hili linapoibuka kwetu, hata bungeni, jibu limekuwa hilohilo: gharama, utaalamu, hatuna pa kumweka. Tumelijibu swali la Berlin kabla Berlin haijauliza. Na wasomaji wetu wakishaaminishwa kwamba Misri ilistahili kwa sababu ilijenga, jibu hilo litapata nguvu mpya, kwa kuwa Lindi haina jumba la vioo.

Tazama pia ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika ghala la Makumbusho ya Uingereza, haionyeshwi kwa umma. Ngoma hiyo haikuwahi kukaa kwenye kabati la kioo. Ilifichwa msituni, wakiiona wazee wenye haki ya kuiona, na watu wengine wakiisikia tu. Nani atawaambia Wapokomo wajenge makumbusho kwanza, kwa kitu ambacho desturi yao inakataza kuanikwa makumbusho? Na huko Kilimanjaro, ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900 huko Old Moshi, unaendelea kutafuta kichwa kinachosimuliwa kuwa kilipelekwa Ujerumani. Wanachohitaji ni kaburi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji, hakuna aliyehitaji jengo ili maneno yake yawe na maana.

Kuna pingamizi moja la kweli, na nalijibu kwa sababu wanaolitoa si wapuuzi. Wanasema vitu vingi viliondoka Misri kwa ridhaa. Ni kweli. Mtawala wa Misri, Muhammad Ali, alipiga marufuku usafirishaji wa malikale mwaka 1835, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyewapa Wafaransa mnara wa Luxor unaosimama Paris, na mwaka 1855 mkusanyo mzima uliokuwa Cairo ulitolewa zawadi kwa Maximilian wa Austria. Migawanyo mingi ya wachimbaji ilifuata taratibu za wakati wake, mpaka sheria ya mwaka 1983 ilipozimaliza. Sidai kila kipande kirudi. Ninachodai ni kwamba ubishi ufanyike hapo: kitu hiki kiliondokaje, nani aliridhia, kwa mamlaka gani, hati iko wapi? Kwa maswali hayo mnara wa Luxor utabaki Paris na Jiwe la Rosetta litashindwa kutetewa. Kwa maswali hayo jeneza la dhahabu la Nedjemankh, lililonunuliwa New York mwaka 2017 kwa karatasi za kughushi, lilirudi Misri mwaka 2019, kabla jumba la Giza halijafunguliwa. Aliyelirudisha ni mwendesha mashtaka aliyesoma hati.

Lile la kwamba vitu hivi ni vya ulimwengu mzima na London huonwa na wengi zaidi, nalipitia haraka. Ulimwengu mzima hauna viza ya Uingereza. Mtoto wa shule wa Rashid hawezi kwenda kuliona jiwe lililotoka mjini kwake, lakini Mwingereza anaweza kupanda ndege kwenda Giza wiki ijayo.

Kwa hiyo, waandishi wenzangu mtakaoandika tena juu ya Makumbusho Makuu ya Misri, yasifuni kwa uzuri wake, kwa mafundi wake, kwa Tutankhamun aliyekusanywa pamoja. Msiyafanye cheti cha kufaulu mtihani uliotungwa na aliyechukua. Nanyi waheshimiwa wabunge mlioko Dodoma, mjusi wa Tendaguru atakapotajwa tena ukumbini, msikubali serikali ijibu kwa gharama za jengo. Itakeni kwanza ieleze mifupa ile iliondoka Lindi kwa ruhusa ya nani, na iiombe Berlin, kwa maandishi, orodha kamili ya kila kilichopakiwa melini.